Kipya Kinyemi

Diski imenigharimu elfu nane na mia tano.
Kwa shilingi ishirini kila dakika kumi
lazima ichezwe mara mia nne ishirini na tano
kabla haijaninunulia hata kitunguu.
Hivyo ndivyo ninavyohakiki mimi:
kwa daftari, na kalamu iliyofungwa kamba mezani.

Kipya kinyemi, walisema vijana wa Kariobangi,
wakajaa benchini kabla sijafagia.
Kikosi cha Majivu, sehemu ya pili.
Ile ya kwanza waliicheza mpaka alama
zikafutika kwenye vitufe vya pedi.

Nilianza peke yangu, usiku, mlango nimeuteremsha.
Ndani ya saa tano na nusu hadithi ilikuwa imekwisha.
Kamanda ni yule yule, sauti ya changarawe,
na kama mara ya kwanza, anayekuita ndugu
ndiye atakayekuchoma kisu darajani.
Mimi nilimjua tangu aliponipa sigara.
Lakini mvua!
Mvua wameijua hao watu.
Inavyofuata mtutu wa bunduki, inavyojaza nyayo za buti,
nikakaa nikiitazama, adui wananipiga.

Misheni ya saba iko kwenye mji usio na jina,
vumbi jekundu, mabati, bango limeandikwa
DUKA LA NYAMA NA SHULE.
Adui akirusha bomu anapaza sauti: "Samahani sana!"
Tulicheka mpaka jirani wa kinyozi akaja kuuliza kuna nini.
Kisha Mutinda, macho kwenye kioo:
"Kwa hivyo hapa wa kupigwa ni sisi?"
Hakuna aliyemjibu.
Akaendelea kufyatua, dakika zake zilikuwa zinakwenda.

Ekai, bawabu wa ghala la misumari,
aliwahi kuvaa sare ya jeshi; wapi, hasemi.
Hulipa arubaini, hachezi na mtu.
Juzi aliingia nyumba moja ya misheni hiyo ya saba,
akafika jikoni, akasimama.
Sufuria ilikuwa motoni, mvuke unapanda.
Akasimama tu hapo mpaka wakaja wakampiga.
"Mbona hukufyatua?" nikamuuliza.
"Wali unaungua," akasema,
akatoa ishirini nyingine.

Mtandaoni ni habari tofauti.
Mitambo yao iko ng'ambo, sijui nchi gani.
Risasi yangu inaondoka hapa, inafuata waya,
ikifika kule mimi ni maiti zamani.
Gatwiri, miaka kumi na tano, sketi ya shule chini ya jaketi,
amejifunza kulenga adui atakapokuwa, si alipo,
kama unavyomrushia mpira mtu anayekimbia.
Usiku huu yuko juu ya jedwali zima.
Kipaza sauti hakiwashi kamwe.
Siku moja alikohoa, wakajua ni msichana,
na niliyoyasikia kwenye vile visikizio
siyaandiki humu, daftari hili lina hesabu za chakula.

Ramani ni sita. Tatu ni zile za zamani, wamezimwagia theluji.
Bunduki ya dhahabu inauzwa kwa pesa za kweli.
Wa ng'ambo wanayo. Gatwiri ana ile ya mwanzo, yenye kutu.

Basi hukumu.
Peke yako: sita kwa kumi.
Ile mvua: tisa.
Kiswahili: sifuri, na waje,
nitawafundisha kwa ishirini.
Mtandaoni: sa

stima ikakatika.
Duru ya mwisho, Gatwiri amebaki na adui mmoja.
Feni ikanong'ona, ikanyamaza.
Kuna aliyeuliza kama dakika zake zitarudishwa.
Gizani nilisikia vidole vya Gatwiri
bado vinabonyeza, tik, tik, tik,
wakati mimi nikiinama kwenye mita kwa tochi ya simu,
nikiingiza tokeni, tarakimu ishirini,
nikikosea, nikianza upya.
Zimebaki mia tatu na kumi na mbili.